Ngozi ya Landrova

Afande Acan alikuwa amelala chali chini ya Landrova ya marehemu Yowasi. Viatu vyake vyeusi vilitokeza upande mmoja wa gari, na sauti yake ikatokea upande wa pili.

"Tefiro! Namba iko wapi?"

"Iko mbele, afande. Mkono wa kulia, pale springi inafungwa."

"Hapo ndiyo naangalia. Hakuna kitu."

Tefiro alipiga magoti kwenye kokoto za yadi ya ukaguzi mjini Kasese, akainama hadi kofia ikamdondoka. Mwanga wa tochi ulikuwa umetulia kwenye ncha ya chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima. Landrova za enzi zile zilipigwa namba pale mbele zikiwa bado kiwandani, kama ndama anavyopigwa chapa. Hii ilikuwa laini kama kiganja cha mtoto mchanga.

Hakuwahi kuangalia. Nani huinama kulichungulia tumbo la gari linalowaka kila asubuhi? Baba yake alifariki mwaka uliopita, ukoo ukakubaliana kwamba gari liwe la Tefiro, na yeye akaliendesha kama alivyolikuta. Leo alikuwa amelileta tu likaguliwe, ili jina kwenye kadi libadilishwe kutoka la Yowasi liwe lake.

Afande Acan alijivuta nje, akajikung'uta mgongo. Alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa Kitgum, aliyekaa katika kambi ya polisi ya Kasese muda mrefu hata wauza ndizi walimsalimia kwa Kikonzo naye akaitika. Hakuwa mkali. Upole wake ndio uliomtia Tefiro baridi.

"Injini ni yake. Kibati cha namba, kile cha ndani, ni chake, kinafanana na kadi. Lakini chesisi haina jina. Unajua mimi nafikiri nini?"

"Sijui, afande."

"Nafikiri mtu aliiba gari, akasaga namba, halafu akaivalisha kibati cha gari ingine. Nimeona hiyo mara nyingi, hapa mpaka Mpondwe kwenye boda. Sijasema ni wewe. Sijasema ni mzee wako. Mimi naandika kile chuma inasema, na hii chuma imenyamaza."

Aliikunja kadi ya gari, akaitia mfukoni mwa shati lake.

"Hii inabaki kwangu. Ijumaa nafunga ripoti. Niletee maneno yenye kushikika kwa mkono. Ukikosa, inaingia pale." Akaonyesha kwa kidevu ukutani, ambako magari yaliyokamatwa yalipangwa, majani yakichungulia madirishani kama abiria.

Tefiro aliendesha kurudi Kyarumba bila kuyaona yale makona. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza. Juu kule kina mama walikuwa wakiteremsha magunia kichwani kwa njia za miguu hadi mwisho wa barabara, na mwisho wa barabara palisubiri Landrova, kwa kuwa gari jingine lolote lingeteleza likaishia mtoni. Bila gari hilo hakuwa na kazi. Lakini lililomsumbua halikuwa kazi. Zamani, alipokuwa mbali akiendesha malori ya miwa huko Masindi, alipata kusikia maneno ya watu kwamba Yowasi, mfanyabiashara wa chumvi, alikuwa akivuka mpaka wakati wa vita na kurudi na vitu asivyoondoka navyo. Hakupata kumuuliza baba yake. Yapo maswali ambayo mtoto huyaacha yakae, akidhani muda upo.

Nobert, shemeji yake, alimkuta kwenye kona ya mwisho, akarukia kiti cha mbele na kusikiliza habari yote huku akitafuna muwa.

"Sasa unalia nini?" alisema. "Namba si iko kwenye kadi?"

"Iko."

"Na gari si lenu?"

"Ndivyo ninavyoomba."

"Basi tuigonge! Najua fundi hapa chini ana vyuma vya kugongea namba. Nyundo kidogo, rangi nyeusi kidogo, matope kidogo juu. Ukijiandikia jina lako mwenyewe kwenye shati la shule, umemwibia nani?"

Maneno yale yalikuwa na mantiki yake, na Nobert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yaishe kabla ya chakula. Hata Tefiro akajikuta anauliza, "Huyo fundi yupo kesho?"

"Yupo hata sasa."

Walipofika nyumbani, Bulandina, mama yake Tefiro, alikuwa akichambua maharage uani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alichambua kwa vidole. Aliposikia wanazungumza namba, akauliza wanazungumza namba gani, nao wakamweleza.

"Chesisi?" alisema. "Ile ya kwanza ilikufa. Chumvi iliimaliza. Miaka yote ile baba yako anabeba chumvi ya Katwe, magunia yanadondosha maji, chuma kinakunywa. Siku moja gari likakatika katikati kama muhogo. Akalipeleka Bwera kwa yule Mkongo anayechomelea. Desire."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikuwa mbali. Na mtu mzima anampigia mtoto simu kumwambia chuma kimekatika?"

Nobert alitema makapi ya muwa. "Haya, mama ameeleza. Twende kwa fundi tukagonge."

"Kesho naenda Bwera kwanza," Tefiro alisema.

"Na ukikuta huko mambo ambayo hukutaka kuyakuta?" Nobert aliuliza.

Swali hilo Tefiro alilala nalo, na asubuhi akaondoka nalo.

Karakana ya Desire ilikuwa kando ya barabara iendayo Mpondwe, banda la mabati lenye fremu za vitanda, mageti, na milango ya maduka iliyosimama bila nyumba. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mzaliwa wa ng'ambo upande wa Beni. Alikuwa amekaa Bwera zaidi ya alivyokaa kwao, lakini Kiswahili chake hakikuwahi kuvuka mto. Aliiona Landrova ikiingia, akaweka chini ile kofia yake ya kuchomelea yenye kioo cheusi, akaenda moja kwa moja kuigonga chesisi kwa kifundo cha kidole.

"Huyu ni mutoto yangu," alisema. "Na wewe ni wa Yowasi. Masikio ni ileile. Papa yako iko wapi?"

"Amefariki, mzee."

Desire aliuondoa mkono juu ya chuma taratibu. Kisha akavuta magogo mawili, wakakaa, naye Tefiro akamweleza mambo ya afande.

"Afande iko na haki," Desire alisema mwishowe. "Ile shasi nilitengeneza mimi, kwa mabati mazito, moja moja. Mimi si kiwanda. Siwezi zaa namba. Kwa hiyo haina."

"Hukusaga kitu?"

"Nisage nini kwa chuma mupya?"

Tefiro alimwamini, lakini hilo halikutosha. Maneno ya fundi mmoja hayashikiki kwa mkono. Akamuuliza polepole, bila kumtazama, kama wangeweza kuigonga ile namba ya kwenye kadi.

"Hapana, papa. Usifanye ile. Leo uko na kitu ya kweli, na haina makaratasi. Ukigonga, kesho uko na uongo, juu ya kitu ya kweli. Namba za kiwanda ziko na sura yao, afande atajua. Na tena, kwa nini ugonge? Ngozi iko wapi?"

"Ngozi gani?"

"Wewe ni mutu ya milima, sawa, lakini kule chini kwa batu ya ng'ombe umeona. Ng'ombe ya mutu ikifia kwa muchungaji, muchungaji analeta nini kwa mwenyewe?"

"Ngozi."

"Kwa nini?"

"Ili asiseme ameiuza."

"Basi!" Desire alipiga goti lake. "Mimi nilijifunza kazi hivyo. Nikikata shasi ya mutu, ile kipande iko na namba situpi, siuzi kwa batu ya vyuma. Narudisha kwa mukono ya mwenyewe. Hii ngozi yako, ng'ombe yako ilikufa kweli, sikuikula. Papa yako nilimupa. Alicheka sana, lakini aliifunga kwa gunia, akaenda nayo."

"Akaipeleka wapi?"

"Ngozi ikifika kwa mwenyewe, muchungaji hauliza tena." Akasimama, akamsindikiza hadi mlangoni mwa gari. "Sikiliza. Ukiipata, usikwangue, usisafishe. Iache na uchafu yake. Afande asafishe mwenyewe, kwa macho yake. Na Ijumaa nitakuja Kasese. Nitakuja na kofia yangu ya kazi, bajue mimi si mutu ya kujificha."

Siku mbili walipekua. Chini ya kitanda cha marehemu, ghala ya kahawa, banda la kuku ambako vyuma vya nyumba ile vilikwenda kuzeekea. Nobert, ingawa alinung'unika, alitambaa kwa tumbo kuliko wote, akatoka na jembe lisilo na mpini, mnyororo wa baiskeli, pasi ya mkaa, na yai viza.

"Shemeji, wale wanunuzi wa vyuma chakavu," alisema, akijifuta. "Wanapita hapa kila mwezi. Ngozi yako sasa ni nondo ya nyumba ya mtu Kampala."

Tefiro alikaa kwenye kizingiti. Alhamisi ilikuwa inamalizika. Alijaribu kupanga maneno atakayomwambia afande kesho yake, na kila alipoyapanga yalisikika kama ya mwizi.

Huko juu kengele ya kanisa ikaanza kulia, ikiwaita wanakwaya mazoezini. *Ngaa. Ngaa.* Ilikuwa na sauti ya kikohozi, si ya shaba.

"Yowasi anaita," Bulandina alisema, akipuliza moto.

"Mama?"

"Si kengele yake hiyo? Ile rimu ya gurudumu waliyokuwa wakiigonga zamani iliibiwa, kanisa likakaa kimya, watu wanachelewa ibada. Baba yako akawapelekea hicho chuma. Wakampigia makofi."

Tefiro alisimama. "Chuma gani, mama?"

"Nitajuaje? Chuma. Cha gari."

Alipanda njia ile ya miguu na kandambili moja. Ya pili ilibaki kwenye tope la migomba, wala hakurudi kuifuata. Kando ya kanisa, chini ya kijipaa cha bati kilichoshikwa na nguzo mbili, kilining'inia kipande cha chuma kinene kama paja, kimepakwa rangi ya buluu tabaka juu ya tabaka hata kikawa kama mkate. Ncha yake ya mbele ilipinda kidogo kuelekea juu. Aliujua ule mpindo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ndugu ya chuma hicho, ile chesisi isiyo na namba, mjini Kasese.

Yosamu, mwalimu wa kanisa, alisikiliza habari hadi mwisho, mikono nyuma.

"Kengele ya Mungu haiendi polisi," alisema.

"Inakwenda kushuhudia tu, mwalimu. Itarudi."

"Kila kilichokwenda polisi kiliambiwa kitarudi."

"Yosamu," alisema Immy, mke wake, aliyekuwa amekwisha kuanza kusuka kata ya majani ya migomba kwa ajili ya kichwa chake. "Kahawa yetu wewe unafikiri itateremka na nani? Na kengele?"

Mwalimu alikohoa. Akaweka sharti: Jumapili haiwezi kukuta nguzo tupu. Nobert akatumwa chini akalete rimu ya gurudumu la akiba. Aliifikisha juu akiwa amelowa jasho na akihema kwamba namba ile angekuwa ameigonga tangu juzi, na sasa angekuwa amekaa mahali anakunywa kitu. Wakatundika rimu. Walipoishusha kengele, Yosamu alikumbuka jambo.

"Baba yako alikuwa na vituko. Alisema tupige upande huu tu, ule mwingine tusiuguse kabisa. Sisi tukadhani ni mambo ya sauti."

Tefiro alimgeukia. "Na mmekuwa mkitii?"

Mwalimu aliangalia viatu vyake.

"Siku za kawaida, ndiyo. Siku za harusi... unajua harusi. Kila mtu anataka kupiga."

Tefiro alikigeuza kile chuma. Upande uliokatazwa nao ulikuwa na makovu, mashimo madogomadogo ndani ya rangi. Kucha yake ilikwenda yenyewe kwenye ukingo wa rangi uliobanduka. Ilikuwa kazi ya kuvuta tu, ajue leo, alale. Akakumbuka maneno ya Desire, akautia mkono mfukoni.

Immy aliteremka na ushahidi kichwani hadi kwenye gari, shingo wima, akiimba wimbo ambao kwaya ilikuwa haijaumudu.

Ijumaa afande Acan aliwakuta wamepanga foleni kwenye kivuli cha ofisi yake: Tefiro, Nobert, mwalimu wa kanisa aliyekataa kuiacha kengele isafiri peke yake, na mzee mmoja mwembamba amevaa kofia ya kuchomelea, kioo kimefunuliwa juu.

"Hii nini? Kwaya?"

"Ni kengele, afande," Yosamu alisema.

"Ni ngozi, afande," Desire alisema.

"Mmoja aongee!"

Aliongea Tefiro. Alieleza chumvi, kuvunjika, Bwera, kengele, bila kuruka kitu, hata lile wazo la kugonga namba alilitaja bila kumtaja aliyelitoa. Nobert alichunguza mawingu. Afande alimsikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Mmekwangua?"

"Hapana. Rangi ni ya kanisa, iko kama ilivyokuwa."

Akaichukua kengele mwenyewe, akailaza juu ya meza ya kazi nje, akatoa kisu. Ilitoka buluu. Chini yake nyeupe, na chini yake kijani cha zamani ambacho Yosamu alikitambua kwa mguno. Kisha kisu kikaingia katika kitu cheusi na laini. Ilikuwa grisi, imepakwa nene, imekauka kama nta. Mtu alikuwa ameihifadhi sehemu hiyo kabla ya kuifunika kwa rangi.

Afande aliipangusa kwa kitambaa, akasugua chaki juu, akapuliza. Chini ya vumbi jeupe namba zikaja, moja baada ya nyingine, nyembamba na zimesimama sawa, kama watu wanaotoka ukunguni. Alitoa kadi mfukoni akaanza kusoma kwa sauti. Tefiro, aliyekuwa ameikariri kadi ile tangu utoto akiwa amekaa katikati ya baba yake na mama yake kwenye kiti cha mbele, alitikisa midomo pamoja naye. Walikwenda sambamba hadi ya mwisho. Afande akasogeza uso karibu na chuma.

"Hii ya mwisho imepondwa."

Wote waliinama. Palikuwa na shimo, na kando ya shimo mkunjo wa namba iliyobaki nusu.

"Kadi inasema nane," afande alisema. "Mimi hapa naona tatu."

"Ni nane ilienda harusi," Desire alisema, lakini hakuna aliyecheka. Yosamu alifumba macho, huenda akiwataja mabwana harusi mmoja baada ya mwingine.

Afande hakuandika. Aliingia ofisini, akarudi na karatasi nyembamba na penseli. Akaitandaza karatasi juu ya chuma, akaanza kusugua kwa ubavu wa penseli, polepole, kama anayempaka mtoto mafuta. Kwenye karatasi shimo likatoka kama doa jeusi. Ndani ya doa, kwa kushoto, ikatokea mistari miwili iliyopinda, hafifu, mmoja juu na mwingine chini, ikiunga duara mbili.

"Nane," alisema afande Acan.

Aligeuza chuma, akapitisha kidole ndani yake, mahali ambapo kutu ilikuwa imekitoboa kama nguo iliyoliwa na mende. Akaangalia ukingo uliokatwa, akamwangalia Desire.

"Ni wewe ulikata hapa?"

"Ni mimi. Na ile ingine nilitengeneza. Uliza yote."

Alimuuliza mengi, naye akajibu yote. Mwishowe afande alikunja kisu chake.

"Sawa. Chuma imesema. Gari ni ya Yowasi, ilibadilishwa uti wa mgongo tu. Nitaandika hivyo. Namba ileile itagongwa upya kwa hii chesisi, mbele yangu mimi, na alama pembeni ionyeshe ni ya kugongwa upya. Hatufichi. Yeyote atakayelala chini ya hii gari baada yangu, aelewe."

Tefiro alitaka kusema asante, badala yake akajikuta amekaa chini kwenye kokoto, miguu imenyooshwa kama mtoto. Hakuwa anafikiria kahawa. Alikuwa anamwona baba yake na kidole cha grisi, akipaka namba ya gari lililokufa, taratibu, kwa ajili ya mtu ambaye siku moja angeuliza.

"Simama, wewe," afande alisema, akimpa kadi. "Utachafua suruali. Mzee wako alikuwa na akili. Kwa nini hakuiweka nyumbani?"

"Sijui, afande. Labda aliona nyumbani itapotea. Kule juu inalia kila wiki."

"Na kengele yetu?" Yosamu aliuliza. "Au sasa imeshakuwa kielelezo?"

"Nimepiga picha, karatasi ninayo. Chukua kengele yako, mwalimu. Lakini hapa penye namba msipake rangi tena. Na harusini mpige upande ule mwingine!"

"Nitasimama mwenyewe na fimbo."

Jumapili ile namba mpya ilikuwa imekwisha kugongwa, na Tefiro alipaki mwisho wa barabara akisubiri watu watoke ibadani, gari limejaa magunia ya kahawa ya Immy na majirani. Bulandina alikuwa ameomba apelekwe kwanza kwenye nguzo. Alipapasa kile chuma hadi vidole vikakuta namba, vikapita juu yake polepole, akakipiga kofi dogo kama mgongo wa mtu, akaingia kanisani kuketi.

Juu kule kanisa lilikuwa na kengele mbili sasa, kwa kuwa wazee walikuwa wameipenda rimu na wakakataa kuirudisha. Walizipiga zote pamoja. Moja ilikohoa, nyingine ikaitikia kwa sauti nyembamba.

"Unasikia, shemeji?" Nobert alisema, miguu juu ya dashibodi. "Gari lako linaimba, na gurudumu lako la akiba linaitikia. Tukipata pancha leo, tutabadilishia nini? Zaburi?"

Tefiro alicheka hadi akalazimika kushika usukani. Kisha akawasha gari ili lipate moto, wakaendelea kusubiri.